Maharage Hayakuruka

Wifi yangu Pamela ameshaisimulia habari hii Lakeville nzima, na nasikia hata Bloomington kuna watu wanaoijua kwa maneno yake. Kwa maneno yake, mimi Bupe nilitaka kumuua mama mkwe kwa chungu cha umeme. Sasa nitaieleza mwenyewe. Sitaficha mahali nilipokosa, maana kukosa nilikosa. Ninachokataa mpaka leo ni adhabu waliyonipangia.

Chungu chenyewe nilipewa na Rachelle, Mkongo wa Bukavu, tuliyekuwa naye zamu moja kwenye ghala hapa Eagan, huku ughaibuni, tukipakia masanduku tangu saa kumi na moja alfajiri. Rachelle ana watoto watano na sijawahi kumsikia akilalamika habari za kupika. Siku moja nikamuuliza anawezaje. Alinicheka, na kesho yake akaniletea mfuko mzito. Ndani kulikuwa na chungu cha udongo hasa, kinang'aa, kimekaa ndani ya bati lenye kitufe cha kuzungusha, na mfuniko wake wa kioo. Yeye alikuwa amepata kikubwa zaidi.

“Weka byakula mule asubuyi, funika, enda ku kazi,” akaniambia. “Ukirudia, utakuta iko tayari. Lakini usifungue-fungue. Ukifungua, moto inatoka, unaanza tena.”

Maelekezo yalikuwa hayo tu. Wenyeji wa huku wanakiita slow cooker. Mimi nilikipa jina la Bwana Taratibu.

Wiki ya kwanza kilinidhalilisha. Nilipika supu ya kuku, nikajaza maji kama ninavyojaza sufuria ya jikoni, nikasahau kwamba humo ndani maji hayaendi popote. Jioni tukanywa maji ya moto yaliyopitiwa na kuku. Mume wangu Evodius alikunywa kwa heshima mpaka mwisho, na heshima yake ikaniudhi kuliko kama angesema. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na chombo. Ndani ya mwezi nilikuwa nimeshakijua, na kwa kuwa wanaoanza wananiuliza kila siku, acha niseme hapa hapa. Maji yawe nusu ya unayodhani. Viazi na karoti viwe chini na nyama juu, kwa sababu humo viazi ndivyo vinavyochelewa kuiva. Tui la nazi lingoje nusu saa ya mwisho, likikaa tangu asubuhi linakatika. Ndizi nazo zingoje mchana, ukiziweka alfajiri utakuta uji. Na kama hujui uanze na nini, anza na makongoro. Yaoshe vizuri, weka tangawizi, kitunguu, pilipili moja nzima isiyokatwa, ondoka. Ukirudi utakuta nyama imeachana na mfupa bila ugomvi, na utakamulia ndimu yako mezani.

Nilikihitaji kwa sababu moja. Mwezi wa nane nilianza kozi ya uuguzi, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa tisa alasiri mpaka saa moja jioni. Nafasi hiyo niliingoja miaka mitatu. Alfajiri ghalani, mchana darasani. Evodius ni fundi wa mitambo ya maji moto kwenye hoteli moja ya Bloomington, anatoka saa kumi na moja jioni. Binti yetu Joan ana miaka saba. Na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kamachumu, kule Bukoba, kukaa nasi miezi sita. Katika nyumba hiyo mpishi alikuwa mmoja tu, naye ndiye asiyekuwepo nyumbani. Bila Bwana Taratibu nisingekuwa na shule, hilo kila mtu alilijua.

Mama Evodius ana miaka sabini na mmoja, mfupi, mwenye maneno machache. Hakuwahi kunisema. Siku ya kwanza alikizunguka kile chungu, akagonga udongo wake kwa kucha, akauliza nani anakaa nacho mimi nikiwa sipo. Nikamjibu hakuna. Akaitikia tu, akaenda kukaa dirishani. Mwenye maneno alikuwa binti yake. Pamela alisema chakula kisichosimamiwa na mtu si chakula cha kumpa mume, na kwamba mama hakupanda ndege mbili aje kula vitu vilivyojipika vyenyewe. Pamela huyo anafanya kazi kwenye kompyuta yake nyumbani, hatua sita kutoka jikoni. Nikamwambia kama anataka mama ale vilivyosimamiwa, barabara ya kutoka Lakeville iko wazi kila siku. Tukanuniana wiki mbili.

Basi Jumamosi ya pili ya Septemba ikawa zamu yetu ya jumuiya. Tuko familia kumi za Kikatoliki, Watanzania na Wakenya, tunasali kwa Kiswahili nyumba hadi nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayepika. Mama alikuwa amesema ana hamu ya maharage mekundu na ndizi. Mimi asubuhi ile nilikuwa na zamu ya ziada ghalani. Nikayaloweka maharage Ijumaa jioni, na nilipoamka nikayamimina kwenye Bwana Taratibu pamoja na maji na kitunguu, nikaweka moto mdogo, nikaenda zangu kazini.

Sikumuuliza mtu. Mtu wa Tukuyu haulizi mtu habari za maharage. Nimeyala tangu sijajaza meno kinywani, nimeyalima, nimeyapura, nimeyapika shuleni kwa zamu tukiwa wasichana mia mbili. Ningemuuliza nani, na kwa nini? Niliporudi mchana yalikuwa yamelainika, baadhi yana kiini bado, nikajiambia wageni wana meno. Nikayaunga na nyanya humohumo chunguni, nikaweka ndizi. Walikula wakasifu. Gitonga, mwenyekiti wetu, Mmeru aliyenyooka na mpenda chakula, aliongeza mara mbili.

Hazikupita saa mbili. Watu kumi na tano walitapika. Gitonga yalimkuta barabarani, ndani ya gari lake jipya ambalo lilikuwa halijamaliza mwezi. Mimi mwenyewe nilitapika mpaka nyongo. Joan alinusurika kwa sababu hapendi maharage, na tangu siku hiyo anajiona mwenye akili kuliko sisi wote. Aliyezidiwa ni Mama. Evodius akambeba mpaka garini, wakamtundikia maji hospitalini.

Nilimfuata huko nikiwa siwezi hata kusimama wima. Pamela alikuwa ameshafika, ameshika mkono wa mama yake, hanitazami. Mama alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Akasema neno moja.

“Hayakuruka.”

Pamela akaanza kulia, akidhani mama anaweweseka. Mimi nilishika ukingo wa kitanda nikaelewa. Kwao Kamachumu, kama kwetu Tukuyu, maharage yanaanza na moto mkali. Unachochea kuni mpaka yanaruka chunguni na mfuniko unapigapiga, na yakisharuka vya kutosha ndipo unavuta kuni nje, unayaachia makaa, unakwenda zako shambani. Hakuna bibi aliyetuambia kwa nini. Tulifanya hivyo kwa kuwa ndivyo yalivyopikwa. Na Bwana Taratibu harushi kitu. Moto wake ni wa makaa tangu mwanzo mpaka mwisho.

Muuguzi wa zamu aliuliza maswali mawili tu: yalikuwa mekundu, na yalichemka kwanza? Kisha akanieleza kwamba maharage mekundu yana sumu yao ya asili. Yakichemka sawasawa nusu saa inakufa, lakini moto mdogo hauiui hata ukikaa kutwa. Nilimuuliza tena nipate uhakika. Niliona aibu ambayo sitaki kuiona tena. Miaka thelathini na minne nakula maharage, na kumbe nilijua nusu ya habari zake.

Mama aliruhusiwa mchana wa siku iliyofuata, mzima, anatembea mwenyewe. Pamela akamchukua moja kwa moja Lakeville, sanduku na yote.

Jumapili iliyofuata niliitwa kikao, kwa Pamela, baada ya misa. Walikuwepo Pamela, Evodius, Gitonga kama mwenyekiti, na Mama kwenye kiti cha pembeni, amejifunika shali. Nilidhani nimeitwa kuomba radhi, na radhi nilikwenda nayo. Niliomba kwa kila mmoja. Kwa Mama nilipiga magoti. Nikaeleza habari ya kuchemsha, jinsi nilivyokosea na jinsi isivyoweza kutokea tena. Walinisikiliza vizuri, kisha Pamela akatoa hukumu ambayo ilikuwa tayari kabla sijavua viatu mlangoni. Chungu kitupwe. Na mimi nisimamishe kozi mwaka mmoja, nyumba itulie.

Gitonga akaingia kwa upole wake. Alisema Oktoba ni mwezi wa rozari, jumuiya itasali kila jioni, na zamu yetu ni Jumanne ya tarehe kumi na nne. Watu wana hofu, alisema. Wakifika na kumkuta mama mwenye nyumba jikoni, amepika mwenyewe kwa jiko la kawaida, mioyo itatulia. Nikawaambia Jumanne hiyo ndiyo siku ya mtihani wetu wa kati, na asiyeufanya anaondolewa, nafasi anapewa mwingine. Tulitia sahihi siku ya kwanza. Pamela akasema mitihani haiishi duniani.

Nilimtazama Evodius. Evodius akatazama zulia. Akasema jambo hili tuliangalie kwa utulivu. Neno utulivu sijawahi kulichukia namna ile.

“Maharage nimekosa,” nikasema. “Hilo ni langu na nimelipigia magoti. Shule sijamkosea mtu. Tarehe kumi na nne mtakuja kusali nyumbani kwangu, mtakuta maharage mekundu, kwenye chungu kilekile. Mimi sitakuwepo. Nitakuwa kwenye mtihani.”

“Na nani atayala?” Pamela akauliza.

“Atakayependa.”

Mama alinitazama kidogo, kisha akatazama mikono yake, ule wa kulia bado una alama ya sindano. Ningependa angenitukana. Wakati wote ule nilikuwa nimevimba kwa hasira, na bado kitu pekee nilichokitaka ni sauti ya yule bibi, na hakuitoa.

Njia nzima ya kurudi Eagan nilimpakulia Evodius yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia kama ameoa mpishi aseme, niende nikatafute anayetaka muuguzi. Akasema taratibu kwamba yule ni mama yake, na alikuwa anakufa. Hapo nikapunguza sauti. Nikamwambia alikuwa anakufa kwa mkono wangu, na mimi ndiye ninayekwenda shule kila siku kujifunza watu wasife. Tulipozima gari ndipo akasema ataomba ruhusa Jumanne ile awahi kurudi. Kupika hawezi, lakini mlango atafungua yeye na wageni atawakaribisha yeye. Neno hilo nililipokea. Halikuwa kubwa, lakini kwa Evodius lilikuwa limetoka mbali.

Gitonga aliandika kwenye kundi la simu kwamba hadi hapo baadaye chakula cha jumuiya kipikwe kwa jiko la kawaida. Nikaandika chini yake kwamba kwangu Bwana Taratibu atakuwepo, karibuni. Kundi likanyamaza siku nzima. Lakini pembeni, kwenye simu yangu mimi, ujumbe ukaanza kuingia. Wanawake watatu wa jumuiya ileile wana vyungu kama changu na hawajawahi kusema. Jeptoo wa Bloomington, anayefanya kazi dukani kwenye jumba moja kubwa la maduka, alikiri kwamba chake anakificha kabatini nyuma ya makoti mama mkwe wake anapokuja. Alitaka kujua kama njahi, zile mbegu nyeusi za jamii ya maharage, nazo zichemshwe kwanza. Nikamjibu maharage ya kila aina, na njahi, na makande yenye maharage, kwanza yaruke nusu saa jikoni, maji yamwagwe, ndipo yaingie chunguni. Dengu zisimsumbue. Nikamwambia pia achomoe chungu kabatini, kimemkosea nini.

Usidhani sikuogopa. Jumamosi mbili mfululizo nilipika maharage, nikakataza mtu yeyote asiguse, nikala mwenyewe sahani nzima, nikakaa mezani natazama saa. Saa moja, mbili, tatu. Tumbo likiguna naruka kitini. Hakukuwa na lolote. Nilicheka peke yangu jikoni, na katikati ya kicheko nikagundua nalia.

Jumanne niliomba ruhusa ya kuchelewa saa mbili ghalani. Nilimwaga maji ya kulowekea, nikaweka mapya, nikabandika sufuria kubwa kwenye jiko na kuzungusha moto wote. Yaliruka. Nilisimama pale nusu saa kamili na simu mkononi, sikukaa, sikujibu mtu. Povu lilipanda, mfuniko ukapiga kelele, maji yakamwagika juu ya jiko na mengine sakafuni, nikayaacha yamwagike. Kisha nikayachuja, nikayahamishia kwa Bwana Taratibu na maji mengine ya moto, kitunguu na karoti. Ndizi nilizimenya, nikaziacha kwenye maji ya ndimu, na mlangoni mwa friji nikabandika karatasi kwa ajili ya Evodius: saa kumi weka ndizi na nyanya, funika, usichungulie.

Mtihani ulikuwa na maswali hamsini. La thelathini na mbili liliuliza dalili za mzee aliyepungukiwa maji baada ya kutapika sana. Niliziona zote usoni mwa Mama, moja baada ya nyingine, nikaziandika. Sikukosea hata moja.

Nilirudi nikiwa bado kwenye sare ya bluu ya kozi. Maegesho yalikuwa yamejaa magari ninayoyajua. Kabla sijafungua mlango nilisikia harufu, na haikuwa yangu. Ilikuwa iliki na mdalasini.

Pamela alikuwa amekuja na trei tatu za pilau. Zimekaa katikati ya meza, zimefunuliwa, kachumbari pembeni. Rozari ilikuwa imekwisha na watu wanakula, sahani zote zina pilau. Bwana Taratibu alikuwa mwisho wa meza, ukutani, amejaa mpaka juu, mfuniko una mvuke. Hakuna aliyemgusa. Nakosea, mmoja alimgusa: Evodius alikuwa na sahani ya maharage, lakini alikuwa amesimama nayo jikoni, nyuma ya friji, anakula kama mtu anayeiba. Macho yetu yakakutana. Akaweza kutabasamu nusu.

“Tumsifu Yesu Kristu,” nikasema.

“Milele, amina,” wakaitikia, na vijiko vikasimama.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kuuliza ni nani aliyeruhusu trei zile kuingia nyumbani kwangu. Nilitaka kuwatoa wote na rozari zao. Badala yake niliweka begi chini, nikanawa mikono, nikachukua sahani kubwa kuliko zote zilizokuwepo. Nikafunua chungu. Nikajipakulia ndizi tatu na maharage mpaka ukingoni, nikavuta kiti katikati ya sebule, mbele ya Mama kabisa, nikaanza kula. Sebule nzima ilinisikia nikitafuna. Gitonga alikuwa anachunguza pilau yake punje kwa punje.

“Si lazima uonyeshe watu, Bupe,” Pamela akasema.

“Sionyeshi,” nikamjibu. “Nina njaa. Nimetoka shule.”

Niliendelea kula. Nilikuwa nimeamua nitaimaliza sahani ile, na nikiimaliza nitaongeza nyingine, na kama hakuna atakayeungana nami nitakula maharage hayo wiki nzima, na shule nitakwenda kesho na keshokutwa.

Mama akaweka sahani yake ya pilau chini, kwenye zulia. Hakuwa ameila nusu.

“Mama Joan,” akasema. “Yaliruka?”

Nikameza. “Yaliruka, Mama. Nusu saa nzima.”

“Mfuniko ulipiga?”

“Ulipiga. Yalimwagika mpaka sakafuni.”

Akageuka akamtazama Evodius kule jikoni. Evodius akasema ni kweli, alikuta sakafu inanata na ndiye aliyeipiga deki. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, ule uliochomwa sindano.

“Nipe.”

Pamela akasimama. Alisema daktari, alisema umri, alisema mama unakumbuka ilivyokuwa. Mama hakugeuza hata shingo. Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwekea sahani yangu mapajani. Alichukua harage moja, akaliminya kati ya vidole viwili mpaka likapasuka, akalitazama ndani. Akala. Akachukua tonge la ndizi na maharage, akala hilo pia, bila haraka, na chumba kizima kikimtazama anavyotafuna. Akala la tatu.

“Chumvi imepungua,” akasema.

Akajifuta mdomo kwa ncha ya shali, akamwita binti yake kwa sauti ileile ya chini.

“Pamela, wape watu sahani safi. Na kesho nirudishie sanduku langu hapa. Halafu mchana msiwe mnampigia simu huyu. Yuko shule.”

Gitonga ndiye aliyesimama wa kwanza. Mimi nikaenda jikoni kuleta chumvi.